Joho la Chuo, la Mtaani au la Fundi: Lipi Likufae Siku ya Mahafali?

Msimu wa mahafali ya vyuo vikuu vya Tanzania hushika kasi kati ya Oktoba na Desemba, na kasoro zinazoonekana ukumbini ni zilezile kila mwaka: hudi (kitambaa cha rangi kinachoshuka mgongoni) inamkaba mtu koo, joho linaburura ngazini, kofia inashikiliwa kwa mkono tangu maandamano yaanze mpaka wimbo wa taifa wa kufunga. Karibu zote huanzia siku ya kuchukua joho, wala si siku ya kulivaa. Hapa tunapima njia tatu za kulipata: kukodi chuoni, kukodi kwa wafanyabiashara walio karibu na vyuo, na kushonesha kwa fundi. Kwa anayehitimu shahada ya kwanza, tunapendekeza bila kusita akodi chuoni, ila awahi, na alikague joho kabla ya kusaini.

Nguvu ya joho la chuo ni usahihi. Kila chuo kina rangi zake za hudi, na rangi hizo hutambulisha ngazi ya shahada na mara nyingi hata fani. Ukichukua chuoni, unapewa ya kwako, na hakuna msimamizi wa maandamano atakayekutoa kwenye mstari. Mavazi haya yamefuata nasaba ya vyuo vyenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha kikajitegemea mwaka 1970. Ndiyo maana mkato wa majoho yetu ni wa Kiingereza: mabega yenye kipande kigumu, marinda mgongoni, mikono mipana.

Udhaifu wa huduma ya chuo ni saizi. Majoho hununuliwa kwa wingi, na saizi za pembeni, yaani ndogo kabisa na kubwa kabisa, huwa chache na huisha kwanza. Mwenye futi tano na mwenye futi sita na nusu wanatakiwa wawe pale siku ya kwanza ya ugawaji. Foleni nayo hurefushwa na malipo. Omba kontroo namba (namba ya malipo) mapema, lipa angalau siku mbili kabla ya kwenda, halafu hakikisha malipo yamesomeka kwenye akaunti yako ya mwanafunzi. Meseji ya simu peke yake mara nyingi haimtoshi mtoa majoho. Anataka risiti na kitambulisho. Siku hiyohiyo angalia jina lako kwenye orodha ya wahitimu, herufi kwa herufi, ukililinganisha na cheti cha kidato cha nne. Kosa la jina hurekebishika kwa urahisi kabla kitabu cha mahafali hakijachapwa. Baada ya hapo ni safari ndefu.

Ukikabidhiwa joho, usiondoke. Livae palepale, ukiwa na viatu utakavyovaa siku yenyewe. Pindo likae kati ya goti na kifundo cha mguu, takriban sentimita 20 hadi 30 kutoka sakafuni. Likishuka zaidi ya hapo, utalikanyaga ukipanda ngazi, hasa ukiinama kidogo. Likipanda juu ya goti, linageuka koti la maabara. Nyoosha mkono kama unayesalimiana na mtu: vidole vyote vionekane. Kisha inua mabega na uyashushe mara mbili tatu. Joho likirudi mahali pake, bega ni lako; likiteleza kwenda nyuma, omba saizi ndogo ya bega hata kama urefu wake unapungua kidogo, kwa sababu urefu pungufu hauonekani sana, lakini joho linaloteleza utalivuta siku nzima.

Wahitimu wa umahiri (shahada ya pili) waangalie jambo moja zaidi. Kwenye mkato wa Kiingereza, mkono wa joho lao ni mrefu na umefungwa chini, na mkono wa mtu hutokea kwenye tundu lililo karibu na kiwiko. Kila mwaka kuna anayelazimisha mkono ushuke hadi mwisho na kupasua mshono. Ule mfuko wa chini usiwekewe simu pia: uzito wake huvuta bega moja na joho linakaa upande.

Sasa hudi, ambayo ndiyo chanzo cha mateso mengi. Uzito wake wote uko mgongoni, kwa hiyo bila kushikizwa hurudi nyuma, na ukanda wa mbele unapanda kooni. Kile kitanzi kidogo kilicho mbele si pambo. Huingizwa kwenye kifungo cha shati. Wanaume wenye tai hawana shida: kitanzi kinapita kwenye kifungo cha pili au cha tatu, chini ya tai. Wanawake wengi huvaa gauni lisilo na kifungo mbele, na hapo ndipo tatizo linapoanza. Dawa ni pini za kufunga tatu: mbili zishikize hudi kwenye joho lenyewe, moja kila bega, juu kabisa ya mshono, ya tatu, ndogo, ishikize kitanzi kwenye gauni kwa upande wa ndani. Usishikize hudi kwenye gauni peke yake, maana kitambaa laini kitavutwa na shingo ya gauni itapanda nayo. Mtu mwingine akuvalishe, kisha ageuze ukingo wa nyuma ili bitana ya rangi ionekane. Hudi iliyovaliwa bila kugeuzwa huonekana nyeusi tupu, na picha zote za mgongoni zinapotea bure.

Kofia hupimwa kwa utepe kuzunguka kichwa, kama sentimita moja juu ya nyusi. Watu wazima wengi wako kati ya sentimita 54 na 60. Mwenye rasta, nywele za kusuka au wigi apime akiwa na mtindo atakaokuwa nao siku hiyo. Tofauti ya sentimita tatu ni ya kawaida, na kofia iliyokaa sawa wakati nywele zimekatwa haitaingia juu ya misuko. Anayevaa hijabu apime juu ya hijabu, na achague kitambaa cha pamba chenye mkunjo mmoja, kwani hariri huteleza. Ubao, yaani kile kipande bapa cha juu ya kofia, ukae mlalo, sambamba na sakafu. Wengi huusukuma nyuma ili wasiharibu nywele za mbele, na kofia inaanguka kwa sababu uzito umehamia kisogoni. Vibanio vinne vya nywele, viwili mbele ya masikio na viwili nyuma, vinatosha. Bonyeza pia pembe za ubao kabla ya kuipokea: nyingi zina kadibodi ndani, na iliyowahi kuloa hupinda na hainyooki tena. Kuhusu kishada (nyuzi zinazoning'inia kwenye kofia) kikae upande gani, na kofia ivaliwe wakati gani, sikiliza maelekezo ya siku ya mazoezi, maana vyuo havifanani.

Kagua kola na makwapa kama kuna madoa, na pindo kama limefumuka. Ukiona chochote, kiandikwe kwenye fomu kabla ya kusaini, la sivyo kitahesabiwa kuwa chako siku ya kurudisha.

Wakodishaji wa mtaani wana nafasi yao. Wanafungua jioni na Jumapili, hawana foleni, na kwa picha za studio au sherehe ya nyumbani baada ya joho la chuo kurudishwa, huduma yao ni nzuri. Kwa ukumbini hatuwapendekezi. Hudi zao nyingi ni za jumla, na bluu ya chuo kimoja si bluu ya kingine. Kitambaa nacho mara nyingi ni satini ya poliesta inayong'aa. Kwenye mwanga wa flashi hutoa mabaka meupe, na kwa joto la Dar es Salaam la Novemba ni adhabu: poliesta hunyonya unyevu chini ya asilimia 1 ya uzito wake, ilhali pamba hufika karibu asilimia 8. Ndani ya joho hilo vaa shati au gauni la pamba, na koti la suti liache nyumbani.

Kushonesha kunamfaa mwenye shahada ya uzamivu au mhadhiri atakayeingia kwenye maandamano ya kitaaluma kila mwaka. Anayelivaa mara moja anapoteza pesa. Uliza kwanza chuo kama kinaruhusu. Kwa mtu wa kimo cha kati, joho linataka mita 4 hadi 5 za kitambaa chenye upana wa mita 1.5, na hudi mita 1.5 pamoja na bitana ya rangi rasmi. Chagua mchanganyiko wa pamba au viskosi wenye uzito wa kutosha kuning'inia bila kupepea. Fundi mzuri wa suti hukosea mambo mawili: haweki gamu (kitambaa cha ndani cha kukaza) kwenye kipande cha mabega, kwa hiyo marinda yanalivuta na kulikunja, na hukata hudi bapa kama skafu, isiwe na tumbo la kugeuza. Mpelekee hudi halisi aione na aipime, picha ya simu haitoshi. Mpe wiki tatu, na jaribio moja kabla ya kupiga pindo.

Usiku wa kuamkia mahafali, joho litundikwe. Pasi iwe ya moto mdogo, alama ya nukta moja, juu ya kanga ya pamba iliyolowa kidogo. Moto wa pamba huacha mng'ao usiotoka kwenye poliesta.

Kwa picha, chagua kabla ya saa tatu na nusu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Adhuhuri ya Novemba jua la Dar es Salaam liko karibu utosini, na ubao wa kofia hutupa kivuli juu ya macho yote mawili. Kama ratiba haikupi nafasi, simama kwenye kivuli kilicho wazi, mfano kando ya jengo, uso ukielekea kwenye mwanga. Kwa simu, gusa uso kwenye kioo kisha punguza mwanga kidogo, kwani weusi wa joho huidanganya kamera ikaongeza mwanga na uso ukang'aa kupita kiasi.

Ndugu watakuja na mashada ya kuvisha shingoni, na ni haki yao kufurahi. Yale ya karatasi za rangi huchuja yakikutana na jasho, na nyekundu kwenye bitana nyeupe ya hudi haitoki. Vua hudi kwanza, ikunje, mpe mtu mmoja unayemwamini, ndipo uvishwe. Kabla ya kurudisha, toa pini zote, hesabu vipande vitatu, joho, hudi na kofia, rudisha mwenyewe ndani ya tarehe iliyoandikwa kwenye fomu, na usiondoke dirishani bila saini ya mpokeaji, kwa sababu vyuo vingine huzuia cheti mpaka saini hiyo ionekane.