Daftari la kuchorea: kabla ya kuuliza gramu, tazama mgongo

Nilitoa pesa nzuri kununua daftari lililokuja kunimwagia kurasa mapajani. Lilikuwa na jalada gumu jeusi, mpira wa kufungia, na karatasi nene ya rangi ya maziwa. Nililinunua kwa ajili ya safari. Saa ya pili ndani ya basi nikaanza kumchora mzee aliyelala kiti cha mbele, kichwa kaegemeza dirishani. Uso wake uliangukia katikati kabisa, pale kurasa mbili zinapokutana, na daftari halikutaka kufunguka. Nikalibana kwa gumba la kushoto lisijifunge, gumba likapita juu ya wino mbichi, sikio la mzee likawa doa. Nikalikandamiza kwa kiganja ili lilale. Nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinavunjika. Ilikuwa gundi ya mgongo. Tulipofika mwisho wa safari karatasi kumi na tisa zilikuwa huru, nimezishikanisha kwa kibanio cha nywele.

Pesa iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimechora kila siku kwa miezi saba, na baada ya daftari lile nikakaa wiki sita bila kugusa kalamu. Mazoea ya kuchora hushikiliwa na vitu vidogo mno. Una dakika tano, maji yako jikoni hayajachemka, unataka kuchora birika tu. Daftari likihitaji mkono mmoja wa kulishika wazi na mwingine wa kukandamiza, mkono wa kuchora utautoa wapi? Siku ya kwanza utavumilia. Ya tatu utaliacha mezani. Ya kumi utasema huna muda.

Kwa hiyo habari za ukubwa, rangi ya jalada na umbo sizigusi, kila mtu anajua anachopenda. Gramu nazo, yaani uzito wa karatasi, zinaeleweka haraka: karatasi ya kawaida ya fotokopi ina gramu 80 kwa mita ya mraba, kwa penseli na kalamu ya wino, 140 hadi 165 zinatosha, ukitaka kupaka rangi za maji, anzia 200. Kitu ambacho sioni watu wakikisema ni mgongo.

Madaftari hutengenezwa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza, karatasi hukunjwa mafungu mafungu, kila fungu likashonwa kwa uzi kwenye mkunjo, kisha mafungu yakaunganishwa. Ya pili, karatasi moja moja hupangwa kama tofali na ukingo mmoja ukapakwa gundi. Kwa nje, jalada likishawekwa, yote mawili hufanana. Lisimamishe daftari, utazame mgongo wake kutoka juu: la kushonwa utaona mikunjo midogo iliyojipinda, moja kando ya nyingine, la gundi utaona karatasi zimenyooka zikazama kwenye utepe wa gundi. Kisha fungua polepole ukitafuta uzi. Hutauona kila ukurasa, hujitokeza katikati ya kila fungu tu. Ukipita daftari zima bila kuona uzi hata mara moja, lirudishe mahali pake.

Uzi peke yake hautoshi. Yapo yaliyoshonwa vizuri ambayo mgongo wake umegandishwa kwenye jalada gumu kiasi kwamba katikati panabaki mfereji. Mfereji huo hula sentimita nzima ya kila upande, brashi haifiki chini, na ukitaka kupiga picha mchoro wako kivuli kinapita katikati ya mlima.

Sasa mpangilio wangu, na sifichi ninakopendelea.

Namba moja ni Stillman & Birn la jalada laini. Hili ndilo ninalolitumia na ndilo ninalomshauri kila anayeniuliza. Unalifungua ukurasa wowote, unaliweka mezani, linalala. Hakuna gumba, hakuna kiganja. Kampuni hii ya Marekani imegawa karatasi zake kwa majina ya herufi za Kigiriki, na hapo wengi huchanganyikiwa, lakini kwa anayeanza mawili yanatosha. Alpha ni nyeupe, gramu 150, inapokea penseli, wino, na rangi ya maji kidogo ikijipinda kidogo. Beta ni nyeupe pia, gramu 270, uso wake unakwaruza, na unaweza kuilowesha upendavyo. Alpha ni ya nyumbani, kwa sababu ina kurasa nyingi na hutaona uchungu kuzijaza michoro mibaya. Beta ni ya safari. Ukitaka karatasi laini kwa kalamu nyembamba, Epsilon ni gramu 150 na Zeta ni 270. Kasoro zipo: halina mpira wa kufungia wala mfuko wa nyuma, na jalada laini halikusaidii ukichora umesimama. Mimi huliwekea kipande cha kadibodi ngumu nyuma na mpira mpana wa kushonea nguo, yamekwisha.

Namba mbili, Hahnemühle Nostalgie. Kiwanda hiki cha Ujerumani kinatengeneza karatasi tangu 1584. Nostalgie ina gramu 190, karatasi laini, imeshonwa kwa uzi, jalada gumu. Wino hukaa juu yake kwa ukali mzuri, mstari hautambai. Hufunguka vizuri ukishaizoesha. Anayependa rangi za maji aende kwenye daftari lao la rangi za maji, la gramu 200. Ningeliweka sawa na la kwanza kama si uzito wa jalada begani mwisho wa siku.

Namba tatu, Art Creation la Royal Talens. Gramu 140, karatasi 80, rangi ya maziwa. Ndilo la kuweka karibu na simu, karibu na kitanda, popote unapokaa ukisubiri. Kurasa 160 zinakupa ruhusa ya kukosea, na mtu anayejenga mazoea anahitaji ruhusa hiyo kuliko anavyohitaji karatasi ya kifahari. Maji mengi haliyapendi.

Namba nne, Moleskine la michoro, gramu 165. Ni zuri kwa penseli, lina mfuko wa nyuma wa kuhifadhi tiketi na majani makavu. Lakini uso wa karatasi umebana, rangi ya maji hujikusanya matone badala ya kutandaa. Kwa rangi, Moleskine wana daftari jingine la gramu 200 lenye pamba ndani yake. Usiyachanganye.

Ya waya ya mviringo hulala wazi, nakubali, ila kurasa husuguana begini, penseli inafutika, na huwezi kuchora kitu kinachovuka kurasa mbili. Yale ya bei ya chini kabisa yaliyobanwa kwa pini mbili hufunguka vizuri na huisha haraka.

Sasa nina neno na wauzaji. Kwa nini daftari linafungwa nailoni hadi mtu asiweze kutazama ndani? Nimewahi kumwomba muuzaji anifungulie moja tu nione mgongo, akanijibu kwamba likifunguliwa limeshanunuliwa. Sawa, basi weka moja la kuonjesha, kama wauza manukato wanavyofanya. Mtandaoni ni vibaya zaidi: picha sita, na zote sita ni za jalada. Maelezo yanasema "karatasi nzito" bila namba, "maalumu kwa wasafiri" bila kueleza kuna umaalumu gani, na bei imepanda kwa sababu ya maneno hayo mawili. Dada mmoja aliniandikia kwamba alilipia daftari "la kitaalamu", likafika limebandikwa gundi tu, na alipolalamika aliambiwa hakuna mahali walipoandika kwamba limeshonwa. Ni kweli hawakuandika. Ndiyo maana ukinunua kwa mbali, muulize muuzaji kwa maandishi, kabla hujalipa: limeshonwa kwa uzi au limebandikwa gundi? Akikujibu kuhusu ubora wa jalada, umeshapata jibu.

Likifika, usilifungue katikati kwa nguvu hata kama limeshonwa. Lisimamishe mezani kwa mgongo. Laza jalada la mbele, kisha la nyuma, ukiwa umeshika karatasi zote wima. Laza karatasi chache za mbele, pitisha kidole kwenye mkunjo kutoka juu hadi chini, kisha chache za nyuma, hivyo hivyo kwa zamu hadi ufike katikati. Rudia mara mbili. Ni kazi ya dakika tatu, na mgongo unajifunza kulegea bila kuvunjika.

Beta yangu ya sasa imebakiza kurasa nane. Jana usiku nilikaa sakafuni nikaizoesha mpya itakayofuata, na nilipofika katikati nikauona uzi mweupe pale kwenye mkunjo.