Mitishamba ya Kichina, Chinatown ya London: dawa ya kunywa sawa, ya kupaka hapana

Wenye ukurutu wa mikono mliochoka na krimu za steroidi, duka hili la karibu na Gerrard Street mnaweza kulijaribu. Mimi nasafisha vyumba vya hoteli, mikono haitoki majini. Krimu ya hospitali ilikuwa inatuliza, nikiiacha tu ngozi inapasuka upya.

Mganga ni mama wa makamo. Alinishika mapigo mikono yote miwili, akatazama ulimi, akauliza habari za choo, usingizi na hedhi, wala hakuwa na haraka. Wazungu niliosubiri nao walisema hicho ndicho kinachowarudisha, kwa sababu kwa daktari wao wa NHS, huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, hawamalizi hata kujieleza.

Dawa yenyewe chungu kama shubiri. Unachemsha mizizi na magome kwenye chungu cha udongo au sufuria ya kioo mpaka maji yapungue, unakunywa ikiwa vuguvugu. Nyumba nzima inanuka, na ninaopanga nao walilalamika. Yangu ilikuwa na gancao, ule mzizi mtamu, pamoja na maganda ya nyenje. Nikaomba nyenje waondolewe, akawatoa bila kununa. Bei haicheki, pauni 40 kwa wiki. Ila muwasho umepungua sana na usiku nalala.

Kabla ya kunipa chochote alitaka kwanza nipimwe damu kuona hali ya ini, akanipima na presha, maana gancao huweza kuipandisha. Kila mmea umeandikwa kwenye pakiti. Hapo nilimheshimu sana. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake walipewa dawa za kupunguza unene zilizoingiwa na aristolokia, mmea wenye sumu ya figo, figo zao zikafa, na baadhi wakapata saratani.

Sasa vile vikopo vyeupe vya krimu pale kaunta. Havina lebo. Nilimuuliza kijana anayeuza kuna nini ndani, akanijibu, "Majani tu, dada." Nikakirudisha. Mwaka 1999 madaktari wa London walichapisha vipimo vya krimu 11 za mitishamba ya Kichina, na 8 zilikutwa na deksamethasoni. Hiyo ni steroidi kali, na baadhi ya waliokuwa wakipakwa ni watoto wadogo, usoni kabisa. Mama wa mtoto anaikimbia steroidi hospitali, anakuja kuinunua hapa bila kujua.

Nyota nne ni za mganga. Ya tano nitaitoa vikopo vile vikishabandikwa lebo.