Kasha la njumu la Mji Mkongwe: lipindue kabla ya kulipa

Ukipita mtaa wa Gizenga mpaka Hurumzi, huwezi kukosa kasha kubwa lililowekwa mlangoni mwa duka la vitu vya kale, njumu zake, yaani misumari na mabamba ya shaba, zinang'aa, na muuzaji yuko tayari kuapa kuwa ni la enzi za masultani. Usimjibu. Mwombe akusaidie kulipindua.

Makasha yanayouzwa pale ni ya namna tatu. Kuna ya kale halisi, kuna ya kale yaliyopigwa njumu mpya, na kuna mapya yaliyozeeshwa kwa rangi ya viatu na vumbi. Kasha la kale halisi, hata likiwa limechakaa, ndilo pekee linalostahili bei ya kitu cha kale. Lililotoka jana kwa seremala nalo ni ununuzi mzuri, mradi linauzwa kama kasha jipya. La katikati lipe bei ya sanduku lililotumika lenye mti mzuri, usizidishe.

Makasha mengi ya kale ya pwani hayakutengenezwa Unguja. Yalikuja na majahazi ya kaskazi kutoka Bara Hindi, hasa Surat na Bombay, na mengine yakatoka upande wa Ghuba. Ndiyo maana mti wake mara nyingi ni msaji (mtiki) au sisamu, miti ya huko. Mafundi wetu walitengeneza yao kwa miti ya huku, na yako mazuri sana. Lakini mtu akikusimulia habari za Surat huku kidole kimegusa mvule, ambao ni mti wa huku, basi hadithi na mti havikubaliani, na bei ishuke.

Anza na njumu. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu ya redio, uipitishe juu ya vichwa vya misumari na mabamba. Shaba haivutwi na sumaku. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na kwa hewa ya bahari kitatoa kutu na kuacha madoa meusi kwenye mti. Njumu za kale ni nene, vichwa havilingani, na mistari yake hupinda kidogo kwa sababu ilipimwa kwa jicho. Mpya ni nyepesi kama kifuniko cha soda. Ukibonyeza kwa ukucha inabonyea.

Kisha fungua kifuniko utazame upande wa ndani, mahali ncha za misumari zinapotokea. Hapa ndipo kasha linaposema ukweli. Msumari wa kale umepigwa ukalazwa, umefifia, na mti unaouzunguka umefanya duara jeusi au la kijani. Msumari mpya ncha yake inameta na mti pembeni yake ni msafi. Ukiona matundu matupu yasiyofuata pambo la mbele, njumu za mwanzo ziling'olewa zikawekwa nyingine. Hiyo ni namna ya pili.

Ndani, upande mmoja juu, makasha mengi ya kale yana kisanduku chembamba chenye kifuniko chake, cha kuwekea dhahabu na hati. Mara nyingi chini yake kuna vijitoto (droo ndogo) vya siri, na ubao wa mbele wa kisanduku hicho huinuka ukiuvuta juu. Ujaribu taratibu. Ukigoma usiulazimishe, maana ubao ni mwembamba na hupasuka kufuata uzi wa mti. Wale watoto wa chini ya kasha, ambao huwa wawili au watatu, watoe wote uviangalie vipito vyao. Vya kale vimelika pale mtoto anapoteleza. Uchakavu bandia huonekana kila mahali sawasawa, mpaka pembeni nyuma ambako hakuna mkono ulioshika kamwe.

Sasa tako lake. Mbao za chini za kasha la kale ni kavu, rangi ya majivu, hazijapakwa kitu, na ukipitisha kiganja unasikia mawimbi ya randa ya mkono. Mikwaruzo iliyopinda kama upinde ni ya msumeno wa mashine. Plaiwudi haihitaji maelezo. Tako likiwa limepakwa rangi ile ile ya mbele, jiulize nani alihangaika kupaka mahali pasipoonekana, na alikuwa anaficha nini. Malizia kwa kunusa: kasha lililowahi kutunza nguo za bibi harusi hubaki na udi na vumbi kavu, lililozeeshwa linanuka rangi.

Hapo hapo chini tafuta wadudu. Msaji wenyewe hawaupendi, ila mafundi waliokoa gharama kwa kuweka mti laini mgongoni na chini, na huko ndiko unakobunguliwa. Matundu ya zamani yana giza ndani. Yanayoendelea yana unga mweupe laini. Njia ya uhakika ni kutandika karatasi nyeusi chini ya kasha, kuligonga kidogo, kisha kuliacha wiki nzima. Unga ukionekana, jaza dawa ya mbao tundu kwa tundu kwa bomba la sindano, ufunike kwa nailoni siku kadhaa. Vitu vidogo kama marufaa (kiweko cha msahafu), chano au mbuzi ya nazi huingia kwenye friza: funga ndani ya mfuko wa plastiki, wiki mbili kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, halafu uache siku nzima kabla ya kufungua mfuko, ili unyevu utuame juu ya plastiki badala ya mti.

Kufuli lililobadilishwa si kasoro, wala bawaba zilizotengenezwa upya. Vitu hivyo vimetumika. Kasoro ni kifuniko kilichopigwa msasa mpaka mti ukawa mwekundu kama mpya. Ile ngozi ya mti iliyojengwa na mikono ya watu kwa miaka hairudi tena.

Kinachoharibu makasha zaidi baada ya kununuliwa ni safari. Mti uliokaa Unguja umeshiba unyevu. Upeleke Dodoma, Nairobi au chumba chenye kiyoyozi Maskati, utasinyaa. Sasa lile bamba la shaba limepigiliwa likakatiza uzi wa mti, halisinyai pamoja nao, kwa hiyo ubao unapasuka kati ya safu mbili za misumari. Liweke kasha mbali na jua la dirishani na pumzi ya kiyoyozi, na usilisugue mafuta kwa pupa. Ufa ukitokea usiuzibe kwa puti: masika ikifika mti utavimba, puti haitabanika, na kingo zitamomonyoka. Uache.

Matunzo yake ni machache. Nta ya nyuki sehemu moja, tapentaini sehemu tatu, viyeyushwe kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, mbali kabisa na moto wenyewe. Paka kidogo mara moja au mbili kwa mwaka. Ukitumia mafuta ya kitani, tandaza matambara yake yakauke nje. Yakirundikwa hupata joto yenyewe na kuwaka. Ukwaju unang'arisha sinia na dele vizuri mno, ila kwenye njumu usiuguse. Asidi yake huingia chini ya kichwa cha msumari, haisuuziki, na baada ya miezi unaona kutu ya kijani ikichungulia pembeni. Kitambaa kikavu kinatosha.

Nyumbani liinue kwa vigogo vya sentimita tatu au nne, kwani maji ya kupigia deki ndiyo yanayooza miguu ya makasha. Halifai kuwa meza ya sebuleni kama unataka kulifungua. Mwisho wa kitanda, upande wa miguuni, ndipo mahali pake.

Samadari (kitanda cha kale cha nguzo), ukiuziwa, hesabu vipande vyote kabla ya kulipa, na upime upande wa ndani: magodoro ya dukani mara nyingi hayakai, itabidi uagize la kukatwa. Kiti cha enzi, kile kiti cha heshima cha pwani, kiangalie nakshi nyeupe. Mfupa una vidoa vidogo vyeusi, pembe ya ndovu ina mistari inayokatizana ikiwa imekatwa kwa upana, plastiki haina chochote. Ikiwa ni pembe, usifikirie kuvuka nacho mpaka. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kuanzia 1990.

Na sheria haiishii kwenye pembe. Kenya huhesabu kuwa ni mali ya kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na milango ya nakshi ya kabla ya 1946 inalindwa. Kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Unguja, ulizia idara inayosimamia makumbusho na mambo ya kale kabla hujamlipa msafirishaji. Risiti ya duka si kibali, hata ikiwa na mhuri mkubwa kiasi gani.