Miaka Minne na Lincoln Town Car: Uzoefu Wangu wa Raha na Gharama Zake

Kabla sijanunua Lincoln Town Car langu mwenyewe, gari kubwa la kifahari la Kimarekani, nililiendesha la mwajiri kwa miaka mitatu hapa Columbus, Ohio, nikiwapeleka na kuwapokea abiria wa uwanja wa ndege, kwa hiyo nilipotoa dola 5,200 kwa toleo la Signature la mwaka 2006, lililokuwa limekwisha kutembea maili 98,000, sikuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilijua raha yake iko wapi na kero zake ziko wapi. Tangu siku hiyo imepita miaka minne na maili nyingine 41,000, na kazi yake sasa ni familia yangu pamoja na ndugu wanaohitaji kufikishwa uwanja wa ndege alfajiri.

Mwenye kutaka kulipima gari hili asianze na usukani, bali afungue mlango wa nyuma na kukaa. Lina urefu wa karibu sentimita 547, na sehemu kubwa ya urefu huo imeachiwa miguu ya abiria na buti. Viti ni vipana na laini kama kochi la sebuleni, na matuta ya barabarani, ambayo katika gari langu la zamani yalipanda hadi kwenye uti wa mgongo, humu yanasikika kwa mbali tu, kama mlango unaofungwa katika nyumba ya jirani. Mbele nako si viti viwili vilivyotenganishwa na gia, kwani mkono wa gia umewekwa kwenye shingo ya usukani na mtu wa tatu anaweza kukaa katikati, hivyo watu sita huingia bila kubebana. Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa akiwa na magoti yanayomsumbua, aliingia na kutoka bila kushikwa mkono, jambo lililokuwa haliwezekani katika gari la mke wangu lililoinuka juu. Tuliposimama kwenye taa nyekundu ya kwanza aliinama mbele akaniuliza, "Mwanangu, mbona umezima gari?" Sikuwa nimelizima.

Buti linachukua takriban lita 590. Kwa msomaji anayeishi ughaibuni sihitaji kueleza zaidi ya kusema kwamba watu wawili wanaokwenda nyumbani, kila mmoja na masanduku yake mawili ya kilo 23, huingiza mizigo yote humo na kifuniko kikafungwa bila kukaliwa.

Hata hivyo, ulaini huo wote umepandishwa juu ya gari la kazi, na hapo ndipo ninapoiona thamani yake. Town Car limejengwa juu ya chesisi ya chuma iliyo mbali na bodi, kama pikapu, na ni ukoo mmoja na Ford Crown Victoria, gari ambalo polisi na madereva wa teksi wa Marekani walilitumia kwa miaka mingi. Injini ni V8 ya lita 4.6 yenye nguvu za farasi 239, na gia ni otomatiki ya hatua nne tu. Kwa karatasi ni kitu cha kizamani, lakini injini hiyo inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, inakubali petroli ya kawaida, ile ya bei ya chini kuliko zote kwenye pampu, na vipuri vyake viko katika kila duka kwa sababu magari mengi mno yaliifunga. Ukiacha oili na tairi, matengenezo ya miaka minne yamenigharimu kama dola 2,300. Jamaa yangu mmoja mwenye gari la kifahari kutoka Ulaya alikaribia kulipa kiasi hicho kwa kazi ya mguu mmoja wa mbele, yaani shokomzoba na springi ya gurudumu moja, kisha akaambiwa kwamba busara ni kubadilisha na wa pili.

Gari hili lilipokuwa jipya liliuzwa kwa zaidi ya dola 40,000. Thamani iliyoyeyuka ni hasara ya mwenyewe wa kwanza, na mimi ninafaidi kilichobaki. Sitegemei kupata faida nikiliuza, wala sitarajii kulipeleka nyumbani, maana Kenya hairuhusu kuingiza gari la kawaida lililozidi miaka minane au lenye usukani wa kushoto, na hili lina makosa yote mawili.

Kuhusu heshima, nadhani tuseme ukweli. Wapo wanaolitazama kama gari la mzee aliyestaafu, na wapo wanaoliona kuwa gari la kukodi. Langu ni jeusi, na mara mbili nimesimamishwa nje ya hoteli na watu wenye mabegi waliodhani kwamba nimekuja kuwachukua. Anayetaka kuonekana amefanikiwa atapata gari lingine kwa fedha hizi. Jina lenyewe lina asili nzito kuliko wengi wanavyojua, kwa kuwa Henry Leland, mwasisi wa Cadillac, ndiye aliyeanzisha Lincoln mwaka 1917 na kuipa jina la rais Abraham Lincoln, kisha Ford wakainunua mwaka 1922.

Gharama ya kila siku ni mafuta. Mjini napata kama kilomita 7 kwa lita, na katika barabara kuu ya kwenda Indianapolis hufika 10. Mtu anayesafiri kila siku peke yake kwenda kazini atakuwa anavuta nyumba ili kubeba kiti kimoja, na kwake gari hili ni hasara hata akipewa kwa nusu ya bei niliyolipa. Kuegesha kunahitaji moyo wa subira. Usukani ni mwepesi kiasi kwamba kidole kinatosha kuuzungusha, jambo linalopendeza mjini lakini linalomtaka dereva awe macho penye upepo mkali, na ukikanyaga breki ghafla pua huinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Wakati wa theluji, kwa kuwa magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, huweka mifuko mitatu ya mchanga kwenye buti na kufunga tairi za baridi, la sivyo mlima mdogo wa mtaani kwetu haupandiki.

Jambo ambalo mnunuzi mgeni hupaswa kulielewa kabla ya mengine ni mifuko ya hewa iliyoshika nafasi ya springi za nyuma. Ndiyo inayolifanya gari likae sawa hata buti likiwa limejaa, lakini raba huzeeka, na iko swichi ndani ya buti ambayo ni lazima izimwe kabla gari halijanyanyuliwa kwa jeki. Gereji moja niliyoipelekea kazi ya breki haikuizima, na nilirudishiwa gari lililoketi chini kwa nyuma pamoja na maelezo kwamba lilifika vile. Tangu hapo swichi naizima mwenyewe kabla sijamkabidhi fundi funguo. Wengi huing'oa mifuko hiyo na kufunga springi za kawaida; gharama inapungua, ila sehemu ya ule ulaini wa safari nayo huondoka.

Kwa anayetaka kununua, ningemshauri atafute toleo la 2003 au la baadaye, kwa kuwa mwaka huo chesisi na mfumo wa usukani vilibadilishwa vikawa bora, na ajihadhari na yale ya kati ya 1996 na 2001 yaliyokuwa na manifoldi (bomba la kugawa hewa kwenye injini) ya plastiki iliyojulikana kwa kupasuka na kuvuja maji. Hadi mwaka 2007 yaliundwa Wixom, Michigan, kisha kazi ikahamia St. Thomas, Ontario, hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2011, na unaweza kujua lako limetoka wapi kwa kutazama namba ya chesisi: ikianza na 1 ni la Marekani, ikianza na 2 ni la Kanada. Mimi sijaona tofauti kati ya hayo mawili. Tofauti kubwa huletwa na chumvi ya barabarani, kwa hiyo kwa majimbo ya kaskazini lala chini na tochi, utazame chesisi na mabomba ya breki kabla hujaanza kusifu viti. Ukikuta buti limelala chini kuliko boneti, mwombe muuzaji awashe injini nanyi msubiri dakika chache. Lisiponyanyuka, ondoa dola 500 kwenye bei kabla ya kuanza kupatana.