Zimemechi ila hazijaoana: doti nane za kanga nilizonunua mtandaoni

Nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za yule kijana wa bodaboda aliyeleta mzigo kwenye mvua bila kulowanisha hata pindo moja. Duka silitaji. Ni yale maduka ya kwenye simu tu, unaangalia picha, unarusha hela, unakaa unangoja, na ukiuliza kitu unaitwa kipenzi mpaka unasahau ulikuwa unauliza nini.

Ilikuwa shughuli ya mtoto wa kaka yangu, Tanga. Mimi nipo Dar nikapewa kazi ya kutafuta sare ya kina mama wa upande wetu, doti nane, zambarau na nyeupe, na maneno yawe ya kheri. Kawaida yangu ni kushuka Mtaa wa Uhuru nikazishike kwa mkono ila wiki ile kazini walikuwa wametubana na hawa jamaa walikuwa na ofa, doti elfu kumi na mbili, kwenye picha kuna korosho kubwa nyeupe katikati na jina limeandikwa HONGERA MWANANGU. Nikasema ndo hiyo hiyo. Nikalipa.

Mzigo ukafika, nikafungua fundo juu juu, nikaona zambarau, nikaona korosho, nikafunga, nikapanda basi. Hapo kosa ni langu, nakubali.

Jioni ya kuamkia shughuli tumekaa barazani tunapinda, shangazi yangu anavuta upande mmoja anasoma kwa sauti, maana yeye kanga anaisoma kabla hajaiangalia. Hongera mwanangu. Haya. Anavuta wa pili wa doti ileile. Kimya. Anaisogeza kwenye taa. Afu anasoma taratibu: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

Jamani. Kesho yake mtoto anakwenda kwa mumewe na sisi wakwe wa kike tunaingia ukumbini, kujitanda kichwani hongera mwanangu, kiunoni mdhaniaye ndiye kumbe siye, na mnajua upande wa kujifunga jina linakaa wapi, linakaa pale nyuma ambapo kila mtu anasoma ukishampita. Yaani tungekuwa tumewaambia kina mama wa upande wa pili kwamba kijana wao siye. Tena kwa sare.

Tukahesabu, doti tatu kati ya nane ziko hivyo. Nikampigia muuzaji palepale, na niseme ukweli simu alipokea. Akaniambia, "Kipenzi mbona rangi zimemechi, angalia vizuri, zambarau ileile, korosho zilezile." Nikaangalia. Zimemechi kweli! Ukiziweka kwenye picha huoni tofauti, labda pindo moja ina vidoti vidogo na nyingine ina mistari. Nikaishiwa maneno, nikamgeukia shangazi nikamwambia anasema zimemechi.

Shangazi akasema, "Mwambie mechi naijua ya Simba na Yanga, na hao wenyewe ndo hawaendani kabisa. Mwambie zimelandana ila hazijaoana."

Hilo neno ndo limenifanya niandike huku kote. Maana mi nilikuwa natumia hayo maneno yote kama kitu kimoja, haimechi, haiendani, hailandani, haioani, kumbe mtu aliyekulia na kanga anayatenganisha. Kulandana kwake ni sura, vitu viwili ukiviona unasema hivi ndugu. Kuendana ni vitu kuweza kutoka pamoja, kiatu na gauni, mkoba na kilemba. Kumechi ni huko huko kwa kuendana, limeingia na vijana wa nguo na picha, na mara nyingi wanamaanisha rangi tu, basi. Kuoana ndo kuna kazi. Angalia lilivyokaa: mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, ila vitu vinaoana, hakuna anayemuoa mwenzie, kila kimoja kinampokea mwenzake. Ndo maana unasikia rangi zimeoana, maneno na tuni yameoana, hata chakula, mahamri na mbaazi za nazi zinaoana wakati mmoja mtamu mwingine una chumvi na wala hawafanani kwa lolote. Na pilau na soseji, nimeshawekewa hiyo kwenye ukumbi mmoja hapa Dar, zote kahawia, zimemechi vizuri tu.

Sasa doti ya kanga ina vitu vingi vya kuoana, siyo rangi peke yake. Kuna pindo inayozunguka, kuna mji katikati, kuna jina, na kuna shughuli unayoipeleka. Muuzaji kaangalia viwili, kavikuta sawa, kaona kamaliza. Ukimwambia haimechi anakushinda, atakuonyesha rangi. Mwambie haijaoana, hapo hana pa kutokea.

Jirani mmoja aliyekuwa anapinda na sisi akatia utani, eti "hizi kanga si kufu," watu wakacheka, akaendelea, "kama wengine tunaowajua." Alikuwa anamsema bwana harusi, fundi magari, na mwali wetu ni nesi. Shangazi akaweka sindano chini. Akamwambia kufu ni neno la watu, halisemwi kwa nguo. Na kweli, hilo kila aliyepita madrasa analo mdomoni, lipo mwisho wa Qul huwallahu, walam yakun lahu kufuwan ahad, hana wa kulingana naye. Kwenye ndoa wanazuoni wanalitumia kwa mume kulingana na mke, dini, nasaba, kazi, na ni haki ya mwali na walii wake, wakiridhia imeisha. Shangazi akamaliza, "Mwenyewe karidhia, baba yake karidhia, wewe mdomo wa nini?" Kimya mpaka tulipomaliza kupinda. Hii haihusu duka ila siwezi kuiacha.

Turudi kwa duka. Nikamuuliza ilikuwaje, akazunguka zunguka, mwisho akasema mzigo wa hongera ulimpungukia, akawa amebaki na pande moja moja za mtu aliyerudisha, akaziunga na za ule mzigo mwingine. Yaani kaziozesha yeye mwenyewe, bila walii! Na hapa nawapa kitu cha kushika: doti mpya inatoka kiwandani pande mbili zimeshikana, unakata mwenyewe katikati unapinda. Ukiletewa zimeshakatwa na kukunjwa mojamoja, uliza kwa nini, na soma jina la kila upande kabla boda hajaondoka. Zile tatu zangu zilikuwa zimekatwa. Zile tano nzuri zilikuwa zimeshikana. Mi nikadhani wamenirahisishia kazi.

Kitambaa chenyewe nakisifu, pamba tupu, baada ya kufua mara mbili rangi haijachuja, na uzito ni ule wa kanga ya kujifunga siyo ile unayoona mwanga ng'ambo ya pili. Bei pia sina neno. Ila huduma, hapana. Hela ya doti tatu kanirudishia mbili, ya tatu akasema nishapinda upande mmoja kwa hiyo imetumika. Kupinda ni kutumia? Binamu yangu wa Mombasa nilimsimulia akacheka sana, wao wanaziita leso, akasema ukiwa Biashara Street muuzaji wa leso anakusomea jina mwenyewe kabla hujauliza, na ukimwambia ni za harusi zile za mafumbo hata hazitoi mezani.

Usiku ule tulijiokoa hivi: pande za hongera za zile doti tatu tukazigawa kwa wadogo wajitande, kiunoni wakavaa magauni yao, na wakubwa watano wakapata doti kamili. Picha zimetoka vizuri, huwezi kujua.

Zile pande tatu za mdhaniaye bado ninazo, hazina mwenzake. Moja imekuwa ya jikoni, moja shangazi kaichukua bila kusema ya nini. Ya tatu najifunga mwenye nyumba akija kudai kodi kabla ya tarehe.