Buli la Yixing hupimwa kwa maji, si kwa muhuri

Mabuli madogo ya udongo kutoka Yixing, jimbo la Jiangsu nchini China, husifiwa mno, na sehemu kubwa ya sifa hizo wanastahili wafinyanzi wake. Udongo wa huko, zisha, huchomwa kwenye joko kwa joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi bila kupakwa kitu cha kuung'arisha. Kwa hiyo ukuta wa buli hubaki na vinyweleo, yaani vitundu vidogo mno, na husemwa kwamba hivyo ndivyo vinavyopunguza ukali wa chai.

Zini, udongo wa zambarau iliyokolea kahawia, ndio tunaompendekezea anayeanza. Haupasuki ovyo na hulainisha chai nzito kama pu'er iliyovundikwa au oolong (chai iliyo kati ya ya kijani na nyeusi) iliyokaangwa sana. Zhuni, udongo mwekundu, umeshikamana zaidi. Hauli harufu ya chai, kwa hiyo oolong yenye manukato huonekana vizuri ndani yake. Lakini udongo huu hunywea sana ukikauka na kuchomwa, vyombo vingi huharibika jokoni, na ndiyo maana bei yake iko juu. Pia buli la zhuni likiwa baridi, ukilimiminia maji yanayochemka ghafla, linaweza kupata ufa. Litangulizie maji ya vuguvugu. Chai ya kijani usiipikie humu. Kikombe cha kaure kinaitendea haki zaidi.

Kabla ya kulipa, omba maji. Buli la mililita 120 linapaswa kumaliza kumimina ndani ya sekunde 10 hadi 15. Likifika 25, majani yanaendelea kutoa ukakasi huku unasubiri, na hakuna uzuri wa umbo utakaofidia hilo. Angalia mkondo: utoke mmoja, mnene, usiojisokota, na ukiacha kumimina tone lisiteremke kidevuni mwa mdomo. Kisha ziba kwa kidole tundu la kwenye kirungu cha kifuniko huku unamimina. Maji yakikatika, kifuniko kimekaa sawasawa. Hata hivyo, kifuniko kinachocheza kidogo si kosa la kukataa buli. Mmimino wa polepole ndilo kosa. Mara nyingi chanzo ni vitobo vidogo au vichache pale mdomo unapoungana na tumbo, na majani yaliyovimba huvifunika.

Chungulia ndani. Kwa jadi, mfinyanzi wa Yixing hafinyangi kwa gurudumu: hupiga udongo kwa nyundo ya mbao hadi uwe bapa jembamba, huukunja kuwa mviringo, kisha hugongagonga ubavu kwa kibao hadi tumbo lijae. Kiungo huachwa upande wa mkono, na alama yake huonekana ndani. Alama hiyo huigizwa pia, basi isiwe ushahidi pekee. Buli lililoumbwa nusu kwa mkono na nusu kwa kalibu ni la kuaminika na bei yake ni nafuu; kwa matumizi ya kila siku linatosha kabisa. La kuepuka ni lile la udongo ulioyeyushwa kwa maji ukamwagwa kwenye kalibu ya plasta. Ndani huwa laini kila mahali, na rangi mara nyingi ni ya dawa. Mwaka 2010 televisheni ya taifa ya China, CCTV, ilionyesha jinsi madini ya rangi yanavyochanganywa ili kuiga udongo adimu. Mimina maji yanayochemka, funika dakika moja, nusa: udongo ulioloa ni sawa, rangi au nta si sawa.

Muhuri wa fundi ulio chini ya buli ni rahisi kughushi. Gu Jingzhou (1915–1996) ndiye fundi mwenye jina kubwa zaidi wa karne ya 20, na buli la bei ya kawaida lenye muhuri wake ni la kughushi, bila mjadala.

Ukilifikisha nyumbani, lisuuze vumbi la joko, litie kwenye sufuria yenye maji baridi na kitambaa chini, kifuniko kando, kisha chemsha kwa moto mdogo nusu saa na uliache lipoe humo humo. Sabuni usiiguse, maana vinyweleo huishika na kuirudisha kwenye chai. Buli moja, aina moja ya chai: gramu 6 au 7 za oolong kwa mililita 120, maji ya kwanza sekunde 15. Madai kwamba buli la zamani litatoa chai kwa maji matupu yametiwa chumvi. Linalopatikana kweli ni ngozi inayong'aa taratibu, mradi kila siku utoe majani, usuuze kwa maji ya moto na kuliacha wazi hadi likauke. Ukilifunika likiwa bichi, ukungu utaota, na harufu yake itakulazimu kulichemsha upya.