Kabari, kitasa, king'ora na kibindo: kipi kinunuliwe kabla ya kusafiri nje peke yako

Kwenye maduka ya simu na vifaa vya umeme ya Mombasa, kuanzia Digo Road hadi Mwembe Tayari, mtu akisema anasafiri nje peke yake hutolewa vitu vinne juu ya kaunta: kabari ya mlango yenye king'ora, kitasa cha kubeba, king'ora kidogo cha kuning'iniza na mkoba wa kufunga kiunoni, yaani kibindo. Wanunuzi wanajulikana. Kuna mama mwenye duka Biashara Street anayefuata nguo Istanbul, kijana wa vipuri anayekwenda Guangzhou, na msichana aliyepata kazi Dubai ambaye usiku wa kwanza atalala hotelini kabla ya mwajiri kumfuata. Hukumu yetu tunaitoa mapema: kabari inunue, kibindo kashonewe na fundi, king'ora ni hiari yako, na kitasa cha kubeba kifikirie mara mbili.

Tuanze na kabari, kwa sababu ndiyo yenye faida kubwa na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Ni kipande cha plastiki chenye mteremko. Juu yake pana bamba la chuma, na chini ya bamba pana swichi ya springi. Mlango ukisukumwa kutoka nje, ncha yake ya chini hupanda mteremko na kulikandamiza bamba, king'ora kikalia. Papo hapo mlango unakwama, kwa kuwa kadiri unavyosukumwa ndivyo kabari inavyozidi kujikaza. Nyingi hutumia betri moja ya mraba ya volti 9. Paketi huandikwa desibeli 120, na si lazima ubishane na paketi: ndani ya chumba cha lojingi kelele yake itakuamsha wewe na wa chumba cha pili, na hiyo ndiyo kazi yake.

Ila haifanyi kazi kwenye kila mlango. Jambo la kwanza ni mlango unafungukia wapi. Simama ndani ya chumba utazame bawaba. Ukiona vifundo vyake, mlango unafungukia kwako na kabari itafaa. Usipoviona, mlango unafungukia nje na kabari hapo ni pambo tu. Milango mingi ya vyumba vya hoteli hufungukia ndani, lakini milango ya chuma ya nyumba za kupanga kwa siku chache mara nyingi hufungukia nje. Ukikuta mlango wa namna hiyo, funga kitasa na komeo, kisha tundika kikombe cha bati au chupa tupu kwenye mkono wa mlango. Haitamzuia mtu, lakini itaanguka na kulia.

La pili ni nafasi iliyo chini ya mlango. Upande mnene wa kabari hizi una kimo cha takriban sentimita 4. Nafasi ikikaribia kimo hicho, mlango utapita juu yake bila kukaza. Ikiwa nyembamba kuliko ncha ya mbele, kabari haitaingia kabisa.

La tatu ni sakafu, na hapo ndipo kabari nyingi zinapoaibika. Kwenye vigae vilivyong'arishwa, mpira wa chini huteleza: king'ora kinalia, mlango nao unafunguka taratibu ukiisukuma kabari mbele yake. Mpira ukishika vumbi au mchanga, hali huwa mbaya zaidi. Ufute kwa kitambaa chenye maji kila jioni. Tiba ya kudumu ni rahisi. Kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa kabari yenyewe, ukibandike chini kwa gundi ya mafundi viatu na ukiache usiku mzima kikauke. Kwenye zulia nene tatizo ni jingine. Kabari hudidimia na bamba halikandamizwi vya kutosha, kwa hiyo ikandamize kwa mguu mpaka ikae imara kabla ya kuiwasha.

Mpango wa kuitega ni huu. Funga mlango na kitasa chake kwanza. Sukuma ncha nyembamba chini ya mlango upande wa kitasa, mbali na bawaba, kwa sababu ukiiweka karibu na bawaba anayesukuma anapata nguvu ya mtaimbo na kabari itashindwa. Acha bamba likaribie mlango bila kuguswa. Washa swichi mwisho kabisa, la sivyo utaamsha ghorofa nzima ukiwa umechuchumaa. Zile zenye swichi ya wepesi wa kuhisi, yaani ndogo, ya kati na kubwa, ziweke ya kati. Ile kubwa hulia hata mtu akipita ukumbini kwa kishindo au upepo ukitikisa mlango, na ikilia mara tatu za bure utaizima na kulala bila kinga.

Betri nazo zina yake. Za bei ya chini kabisa huisha haraka, basi nunua alkalaini na uibadilishe kabla ya safari. Hewa ya chumvi ya pwani hula vishikizo vya betri, kwa hiyo kabari isikae kabatini miezi sita ikiwa na betri ndani. Ndani ya sanduku la safari toa betri vilevile, maana bamba likibanwa na viatu king'ora kitalia kwenye mizigo. Betri ya volti 9 ina vichwa viwili vilivyokaa pamoja juu, na funguo au sarafu ikivigusa vyote viwili hupata moto. Vifunike kwa utepe wa gundi (selotepu) kabla ya kuitia mkobani.

Usisahau mlango wa pili. Vyumba vingine vya hoteli vina mlango wa kuunganisha na chumba jirani, na wageni huukumbuka wa mbele tu. Mlango wa kioo wa roshani unaoteleza kwenye reli hauhitaji kabari. Ufito au mpini wa fagio uliokatwa kwa urefu wa reli na kulazwa ndani yake unatosha, na huu ndio ulinzi wa bei ya chini kuliko wote katika makala haya.

Kitasa cha kubeba kina sura ya kuvutia, na wauzaji hukisifu sana. Ni bamba jembamba la chuma lenye meno, pamoja na kipande cha pili chenye mkono, mara nyingi mwekundu. Unafungua mlango, unayaweka meno ndani ya tundu la mwimo, yaani nguzo ya fremu ya mlango, ambamo ulimi wa kitasa huingia, unafunga mlango juu ya bamba, kisha unachomeka kile kipande cha pili ili kiukabe mlango. Mlango ukikubali, kinashika kweli, na mwenye ufunguo wa akiba wa hoteli hataingia.

Tabu ni kwamba milango mingi haikubali. Mlango wa kufungukia nje haufai. Mlango uliobana sana na mwimo haufungiki tena bamba likiwa katikati. Tundu la mwimo likiwa na kikopo cha plastiki ndani, meno hayapati pa kushika. Milango ya kale ya Mji wa Kale, ile yenye mbao mbili na mfaa katikati, haina hata tundu la kutilia meno, kwa hiyo usikijaribu kwa jirani wa huko ukadhani ni kibovu. Vilevile chuma cha vile vya bei rahisi ni laini. Kipinde kwa vidole gumba viwili ukiwa dukani, na kikikubali kupinda, kirudishe. Sababu kubwa ya kusita, hata hivyo, ni moto. Chumba kikijaa moshi, utalazimika kukitoa gizani, huku wa nje hawawezi kukufungulia. Anayekinunua na ajizoeze kukitoa taa ikiwa imezimwa, mara kumi, mpaka mkono ujue njia. Asiyekuwa tayari kufanya hivyo abaki na kabari.

King'ora cha kuning'iniza ni hiari kwa sababu nguvu yake inategemea watu walio karibu. Kwenye barabara ya Istanbul yenye maduka wazi, ukivuta pini vichwa vitageuka na anayekufuata atasita. Kwenye eneo la maghala jioni hakuna wa kusikia, na sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Kikilia, kirushe upande mmoja nawe kimbilia upande wa pili, penye taa na watu. Kukishika mkononi huku umesimama ni kumsaidia mwizi kukijua kilipo akizime.

Kasoro za ujenzi wake ni pini na betri. Pini iliyolegea huchomoka kwenye msongamano wa matatu, nayo aibu yake si ndogo. Pini ngumu mno haitoki kwa mkono wenye jasho. Vuta mara tano dukani kabla ya kuchagua. Vile vinavyotumia betri za kitufe za LR44 vinahitaji bisibisi ndogo, kwa hiyo ni afadhali vinavyochajiwa kwa waya wa simu. Kifungwe kwenye mshipi wa mkoba upande wa nje. Kikikaa chini ya mkoba, kati ya kanga na chupa ya maji, fimbo ya mbali haiui nyoka. Muuzaji akikuongezea dawa ya pilipili ya kupuliza kama zawadi, ikatae. Huko Uingereza inahesabiwa silaha na kuwa nayo ni kosa la jinai, na popote uendapo haitaruhusiwa kwenye mkoba wa ndani ya ndege.

Sasa kibindo. Wazee waliofunga kikoi na kukunja pesa kiunoni walijua wanachofanya, na mkoba wa nailoni wa dukani ni kibindo kile kile kilichopunguzwa ubora. Nailoni haipitishi hewa, na kwa joto la Mombasa au Dubai huleta harara kwenye ngozi na pasipoti inatoka imelowa. Peleka marikani, kile kitambaa cha pamba, kwa fundi cherehani. Pasipoti ina urefu wa milimita 125 na upana wa milimita 88, kwa hiyo kifuko cha sentimita 16 kwa 12 kinatosha, chenye mifuko miwili, zipu kwa juu na ukanda wa lastiki wenye upana wa sentimita 2.5. Ukanda mwembamba hukata kiuno ukikaa saa nyingi kwenye ndege. Kuzuia jasho, tia pasipoti ndani ya kifuko cha simu kisichopitisha maji, kama vile vinavyouzwa kwa waogeleaji wa Nyali na Bamburi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na Tanzania ikafuata Juni 2019, kwa hiyo anayevukia Lunga Lunga asitegemee mfuko wa duka.

Kibindo si pochi. Ukikifungua hadharani chini ya buibui au shati, umeshaonyesha pesa zilipo. Pesa ya siku moja ikae mfukoni, na kibindoni ibaki pasipoti, kadi ya pili na akiba. Kabla ya ukaguzi wa uwanja wa ndege kitoe ukiwa msalani ukitie ndani ya mkoba, maana kwenye foleni utaambiwa ukitoe mbele ya watu wote. Na usiongeze hata shilingi kwa maneno "kinga ya RFID", yaani kinga dhidi ya kadi kusomwa kwa mawimbi ya redio. Kadi ya kugusisha husomeka kutoka sentimita chache tu, na chipu ya pasipoti haifunguki bila taarifa zilizochapishwa kwenye ukurasa wa picha.

Nakala ya pasipoti ikae mbali na kibindo, sandukuni na kwenye simu ya mtu wa nyumbani. Anayeibiwa Istanbul akumbuke kwamba ubalozi wa Kenya nchini Uturuki uko Ankara, takriban kilomita 450 kwa barabara, na atahitaji ripoti ya polisi kwanza. Nambari za dharura ziandikwe kwenye karatasi kwa sababu simu ndiyo huibwa mwanzo: Uturuki 112, Falme za Kiarabu 999 kwa polisi na 998 kwa ambulensi, China 110 kwa polisi na 120 kwa ambulensi.

Kuna kitu cha tano ambacho muuzaji hakihesabu kuwa cha usalama, nacho ni pawabanki, betri ya kubeba ya kuchajia simu. Simu iliyozimika saa tano usiku ni hatari kuliko mlango usio na kabari. Ndege huruhusu hadi wati-saa 100 bila kuomba kibali, ndani ya mkoba wa mkononi tu. Hesabu yake ni mAh, yaani kipimo cha ujazo wa betri kilichoandikwa juu yake, mara 3.7, gawanya kwa 1,000. Yenye mAh 20,000 inatoa wati-saa 74, kwa hiyo inaruhusiwa. Maandishi hayo yawe yanasomeka juu ya kifaa, kwani yakifutika utanyang'anywa. Kwa wa Guangzhou, ndege za ndani ya China tangu tarehe 28 Juni 2025 hazikubali pawabanki isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama wa bidhaa ya China, kwa hiyo anayeunganisha hadi mji wa Yiwu aitazame alama hiyo hapa hapa Mombasa. Kwa ndege za Emirates, tangu Oktoba 2025 unaruhusiwa kubeba moja tu na huruhusiwi kuitumia angani. Plagi ya Kenya ya pini tatu inaingia Dubai bila adapta, lakini Uturuki wana ya matundu mawili ya duara. Anayekwenda China ajue pia kuwa WhatsApp imefungwa kwa laini za huko, kwa hiyo laini ya Kenya iwashwe romingi, yaani huduma ya kuitumia ukiwa nje, kabla ya kuondoka. Ndiyo itakayopokea hata ujumbe wa benki.

Siku ya kununua, nenda na betri yako mwenyewe ya volti 9, mpya. Vifaa hivi havina udhamini wa maana, na muuzaji atakuambia kimejaribiwa kiwandani. Mwambie kwa upole, "Ndugu yangu, tukitie betri tusikie." Weka kabari chini ya mlango wa duka, iwashe, usukume. Majirani wakitoka kutazama kuna nini, kifaa ni kizima. Lipa.